Masikio ya Kampuni

Kosa la Mzee Shembilu lilikuwa zito mno: kwenye mtandao wa kampuni alimwita mkurugenzi kobe. Kampuni ikaifuta sauti ya mzee katika vidude vyake vyote vya masikioni, na mjini hapakuwa na sikio lisilo na kidude.

Mzee akashtaki.

"Uhuru wa kusema unao tele, mzee wangu," hakimu alimwambia. "Sheria inaibana serikali tu. Masikio ni mali ya kampuni."

Jioni akasimama mlangoni kwake. "Hodi!" Hakuna aliyemkaribisha. Akaingia, akamwashiria mkewe avue kidude.

"Subiri basi, baba Mwanjaa," Bi Nasra alisema kwa upole. "Tamthilia iishe kwanza."

Ikaisha. Ikaanza nyingine.

"Kobe," mzee alinong'ona.

Paka peke yake ndiye aliyegeuka.