Mchanga Haba

Fundi wa matangi ya samaki alikuwa amepiga magoti sebuleni, mkono umezama ndani ya tangi tupu, alipoinua macho na kuiona picha ukutani. Bwana harusi aliyekuwa akicheka kwenye fremu ile ni mumewe.

Yaani, aliyekuwa mumewe.

Mwenye nyumba, mwanamke mdogo wa sauti ya chini, alikuwa amesimama mlangoni na glasi ya maji. Hawakuwahi kuonana. Fundi alimjua kwa maneno ya watu tu, na kwa usingizi aliomkosesha.

"Karibu maji, dada. Tangi la kwanza lilipasuka, ndiyo maana samaki wako kwenye pipa. Wataweza kungoja?"

"Watangoja. Nikishaweka mchanga na maji yakatulia, wanaingia."

Pipa lilikuwa pembeni, pampu ikikoroma. Fundi alichungulia, akawatambua: wale warefu wa kijani wenye mstari wa dhahabu, ambao kiza kikiingia hujifukia mchangani kama mtu anayejivutia shuka hadi kichwani. Aliwalea yeye. Siku ya kuhama, mume yule alibeba samaki kwanza, nguo baadaye.

"Wewe utajimudu," alimwambia. "Hawa bila mimi watakufa."

Haya. Tutaona.

Samaki wa namna ile wanataka mchanga laini, kina chake upana wa kiganja. Fundi alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Mchanga ukiwa haba, samaki hujitosa kichwa chini akagonga kioo. Hujichubua mdomo, hukosa pa kulala, huingiwa na hofu, huruka nje. Hukutwa sakafuni amekauka. Wala hakuna wa kumnyooshea mtu kidole. Samaki hufa, watu husema bahati mbaya.

Mawe aliyapanga vizuri, yakae juu ya kioo chenyewe yasije yakaporomoka. Kisha akamwaga ndoo moja ya mchanga, akausawazisha. Vidole viwili, basi.

"Unatosha huo?" aliuliza mwenye nyumba.

"Unatosha."

"Mume wangu alikuwa anaweka mwingi."

"Kila fundi na mkono wake, mdogo wangu."

Mwenye nyumba alikaa kwenye ukingo wa kochi, akautazama mchanga ule kwa muda.

"Na wakipata shida, atagundua upesi?"

"Anayewapenda atagundua."

"Anawapenda," alisema mwenye nyumba. "Hakuna anachokipenda kama hao."

Fundi akageuza uso, asije akaonekana anatabasamu. Kumbe na huyu ameshaonja kuwekwa nyuma ya samaki! Alikuwa tayari anamwona mume yule asubuhi, fulana ya kulalia mwilini, wavu mkononi, akiopoa mmoja baada ya mwingine huku midomo inamtetemeka. Picha ile ilimteremka kooni kama asali.

Akalifuata pipa kupima joto la maji. Samaki mmoja akapanda juu, mwenye pezi lililokatika. Fundi alimlisha huyo kwa ncha ya kidole tangu akiwa mdogo kama njiti ya kiberiti. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye mkono wake, akafungua kinywa, akangoja.

Asali ikageuka shubiri.

Huyu alimkosea nini? Aliyemwacha hakuwa na mapezi. Fundi alisimama pale, maji yakimchuruzika vidoleni, aibu ikimpanda taratibu mpaka masikioni. Kisasi ni kisasi, lakini hiki kilikuwa kinampita mwenye deni na kumpiga mpita njia.

Akashusha pumzi. Akavuta ndoo ya pili, akaiinua, akaiinamisha juu ya tangi.

Mkono laini ukamdaka kifundo cha mkono.

"Usiongeze, dada," alisema mwenye nyumba, sauti ile ile ya chini. "Mafundi wamejaa mji mzima, nilikuita wewe kwa sababu najua wewe ni nani. Ameshahamia kwa mwingine. Hapa anarudi kuwaona samaki tu."