Mbuzi Aliyemaliza Riwaya ya Konokono

"Nani atanitafutia mchapishaji?" Konokono aliuliza siku alipomaliza kuandika riwaya yake juu ya majani ya mgomba. Kisha akajikokota mpaka kwa Mbuzi, wakala wa waandishi mwenye jina kubwa, akamwachia nakala yake pekee.

Aliporudi, Mbuzi alimpokea akipiga mbweu. "Nimeimaliza yote, binti. Tamu, ila mwisho umekauka kidogo."

"Umeisoma au umeila?"

"Kwani kuna tofauti?"

Konokono akajifungia ndani ya gamba lake, akalia. Jirani yake Jongoo, mwenye haya kupindukia, akabisha hodi. "Shoga, ulipokuwa ukijisomea kwa sauti, mimi nilikuwa nasikiliza. Nimeishika yote, hata pale mama anapomuaga mwanawe."

Konokono akachungulia nje.

"Basi sogea karibu," akasema, "unisimulie toka mwanzo."