Pigo Moja Simama, Mawili Twende

Mpaka wanafika mto wa kwanza, mama mkwe alikuwa ameshamgonga Mwewe kwenye helmeti mara arobaini, na safari ndiyo kwanza mbichi.

Si chuki. Mama huyu alikuwa kondakta wa basi miaka ishirini na sita, na katika kazi ile mikono yake haikuwahi kustaafu. Pigo moja, simama. Mawili, twende. Kibao bega la kushoto, sogea kushoto. La kulia, hivyo hivyo. Mdomo nao haukupumzika. "Shimo. Mbuzi wawili. Shimo lingine, hili mama yake lile. Lori la kuni linakuja, kaa upande wako."

"Mama, barabara hii nimeipita miaka kumi na minane," Mwewe alilalamika. Alikuwa msambazaji wa vifurushi, na jina hilo alilipata kwa kasi, si kwa adabu.

"Na mimi nimebeba abiria kabla wewe hujaota meno. Shimo."

Kati ya mgongo wake na kifua cha mama mkwe ulifungwa mto wa kulalia. Huo ulikuwa wa heshima. Mkwe ni mkwe, hata juu ya pikipiki.

Safari yenyewe ilikuwa ya macho. Daktari bingwa alifika mji wa ng'ambo ya milima mara moja tu kwa mwaka, na orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa saa nane mchana. Basi liliharibika tangu Jumatatu. Ukikosa, unakaa na ukungu wako mwaka mwingine, na zahanati walishasema wazi kwamba kufikia mwaka huo huenda pasiwe na kitu cha kutibu. Mke wa Mwewe aliposikia habari za pikipiki alificha ufunguo. "Mtaniletea misiba miwili kwa mpigo," alisema. Mama yake mwenyewe ndiye aliyeuchomoa kwenye pipa la unga.

Alhamisi nzima walikata mbuga. Nyasi mpaka kuchoka, upepo wa ubavuni, vumbi kwenye meno. Mama mkwe, na miwani yake nyeusi inayofunika nusu ya uso, alisimulia kila kichuguu kama vile analipwa.

Alasiri helmeti ililia kwa pigo moja la nguvu. Mwewe alikamata breki, pikipiki ikaserereka, ikatulia. Pumzi ya moto ikamlowesha vidole. Ng'ombe.

"Mbona umechelewa kugonga?"

"Nilikuwa napiga chafya. Kwani chafya inaomba ruhusa?"

Walilala gesti ya kwanza waliyoikuta. Asubuhi, chini ya milima, filimbi ya polisi iliwasimamisha. Mwenye filimbi akataka leseni. Mwewe alipapasa mfuko wa shati, akatoa kadi, akampa.

"Hii ni ya kliniki," polisi alisema. "Macho, saa nane." Sauti ikalainika. "Kumbe ni safari ya hospitali. Pole sana, mama."

"Tumeshapoa, baba. Ila saa inatukimbia."

"Piteni, piteni." Leseni akaisahau kabisa.

Barabara ya mlimani ilikuwa na kona kumi na saba. Mwewe alizijua kwa namba, na alizihesabu kwa sauti. Ya nane. Ya tisa. Baridi ilimtafuna mikono. Kwenye ya kumi mama mkwe akaanza hadithi ya basi lililokatika breki papo hapo, na hesabu ikampotea.

"Hii ya kumi na moja au ya kumi na mbili?"

Kwa mara ya kwanza tangu jana, mama mkwe alinyamaza. Mwewe aliogopa. Aliachia mafuta, pikipiki ikawa inatambaa.

"Ya kumi na mbili," alisema mwishowe, taratibu. "Kushoto hakuna kitu. Hata ukingo hakuna. Njoo kulia, mwanangu."

Hakupiga kibao. Aliuweka mkono kwenye bega la kulia, akauacha hapo mpaka kona ya kumi na saba.

Waliingia kliniki saa nane kasoro dakika sita. Mama mkwe aliitupa kadi mezani, akihema. Muuguzi alikuwa anafunga daftari.

"Mmeponea chupuchupu," alisema. "Njoo ukae, mama, nikushike mkono. Dereva atusubiri nje. Haya, vua miwani. Hivi ni vidole vingapi?"

"Vitatu," mama mkwe alijibu, "na hicho cha mwisho kucha imebanduka rangi. Sasa huo mkono mshike dereva, maana kadi ni yake, na hicho kiti yeye hakioni."