Uzi wa Kwenda kwa Bosi

Nungunungu alikuwa na ghala la karanga lenye vyumba arobaini chini ya ardhi. Wafanyakazi wake walipashana habari kwa kuvuta nyuzi, na aliyezitunza alikuwa mmoja tu, Buibui, aliyekaa kwenye pembe ya chumba cha mwisho. Kutwa nzima nyuzi zilimtikisikia: huku kumekatika, kule kumelegea, mbona unachelewa. Hakuna aliyewahi kuvuta uzi ili kumjulia hali.

Siku moja Panya, karani wa ghala, alisema, "Bosi, vyumba vimeongezeka. Tuwaite buibui wa kichuguu cha jirani wamsaidie mwenzao."

"Wa nini?" Nungunungu akajibu. "Uzi wake wa kuja kwangu haujatikisika mwaka mzima. Angekuwa amezidiwa, angesema."

Haukupita mwezi, nyuzi zote zikalegea na ghala likawa kimya. Kwa mara ya kwanza Nungunungu alishuka hadi kwenye ile pembe. Alimkuta Buibui amejikunja, hana hata nguvu ya kusokota.

"Mbona hukuniambia, ndugu yangu?"

"Uzi wa kuja kwako ulikatika mwaka jana, bosi. Kila nilipotaka kuushughulikia, niliitwa kwingine. Nawe hukuwahi kuuvuta."

Nungunungu akaenda mwenyewe kuwaita buibui wa jirani, akawaomba waanze na uzi huo.

Ulipoungwa, Buibui aliuvuta mara moja. Hakuwa na shida yoyote. Alitaka tu kujua kama upande wa pili kuna mtu.