Chaja ya Miaka Kumi

Kila nyumba hupewa chaja moja tu, ya miaka kumi, na baba wa nyumba ndiye anayechagua aina. Betri za mashine zangu za masikio ni za nikeli. Zikiisha chaji, sisikii kitu. Nilimwandikia mume wangu, Shaweji, kiganjani ili asisahau: nikeli.

Akarudi na chaja ya litiamu, inayofaa redio yake tu.

"Za nikeli zimeisha, mama Tatu," akasema, kainama kama mfiwa. Nikamwonea huruma, nikampikia hadi chapati.

Leo nimekwenda ofisi ya ugavi kubembeleza wanibadilishie. Binti wa dirishani akafungua faili.

"Haibadilishwi, mama. Na za nikeli zilikuwepo. Hata za kuchaji aina zote mbili zilikuwepo. Nilimwuliza baba mara mbili."

"Akasemaje?"

Akafunga faili. "Alisema anataka nyumba itulie."

Nimemkuta Shaweji barazani na redio yake. Nimeketi karibu naye, nikamwomba anieleze tena, polepole, jinsi nikeli zilivyoisha. Betri zimebakiza dakika chache, na uongo huo nataka niusikie wote.