Amelala Chali

Adolphine aliamka alfajiri akasikia kimya, na kimya hicho ndicho kilichomwambia kwamba mume wake amekufa.

Tangu arudi kutoka migodi ya dhahabu ya Lulimba, mwanaume yule alikuwa analala ameketi, mgongo ukutani, kifua kikichemka kama chungu cha maharage. Akijilaza tu, pumzi inakatika. Sasa Adolphine alimshika mabega, bado ya moto, akamlaza chali kitandani polepole. Mgongo ukanyooka wote. Kifua hakikubisha.

“Aksanti, Bwana Yesu,” akanong'ona. “Leo umemulalisha.”

Wifi yake akaingia, akaona, akaweka mikono kichwani kupiga yowe.

“Wifi, ngoja kwanza! Utamuamusha.”

“We, uko na wazimu? Kaka yangu amekufa! Tusipolia, batu batasema hatukumupenda. Dini yenu hiyo ya kunyamaza kwenye kilio!”

“Tutalia, wifi. Lakini Yesu mwenyewe alisema Lazaro analala. Na huyu, tangu lini umemuona analala hivi?”

Wifi akamtazama kaka yake. Midomo ilikuwa imelegea, wazi kidogo, kama ya mtoto aliyeshiba maziwa. Mikono ikamshuka yenyewe. Akavuta blanketi, akamfunika miguu vizuri.

Bamama wa jirani, waliosikia kelele, walikuwa wanakuja mbio na vilio vyao. Wifi akawawahi mlangoni, kidole mdomoni.

“Polepole, bamama,” akasema. “Kaka yangu amepata usingizi.”