Upawa wa Unga wa Protini

“Figo za mumeo zilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Sasa kuna kitu kinazilemea,” daktari alisema. “Nyumbani anakula nini?”

“Uji tu, mwanangu,” mama mkwe alidakia. “Tena huyu mkamwana wangu anampikia mwepesi kama maji ya kunawa!”

Mume, mpakiaji wa magunia, alikuwa amekonda kama ufito, na kila asubuhi mkewe alimtilia unga wa protini kwenye uji kwa siri. Kijiko cha ndani ya kopo alikiona kidogo, akapimia upawa.

Daktari alibonyeza mguu wa mgonjwa uliovimba. Shimo la kidole likabaki pale, likagoma kujaa.

“Daktari,” mke alisema, “mwambie mama atoke kwanza.”